Gitaa Lililokonda Sauti

2 Machi, Jumatatu

Kosa la watu wengi wenye gitaa la umeme la bei nafuu ni kulidharau gitaa zima kwa sababu ya kiungo kimoja. Wakisikia sauti imejaa matope, wanasema wamepigwa, wanaliegemeza nyuma ya kabati na kuanza kuota jingine. Leo asubuhi nimelichunguza la mdogo wangu kwa miwani ya kusomea, kuanzia kichwani hadi mkiani. Shingo imenyooka, mbao ni kavu, vigingi vinashika nyuzi bila kuteleza. Kinacholiangusha ni vinasa.

Vinasa ni vile vipande viwili vilivyolala chini ya nyuzi, kimoja karibu na shingo, kingine karibu na mkia. Wanamuziki huviita pikapu, na wifi yangu, mke wa mdogo wangu, aliposikia kwamba gitaa lina pikapu mbili aliuliza zinabeba mchanga au mawe. Ndani ya kila kinasa mna sumaku, na kuizunguka sumaku kuna waya mwembamba kama unywele, umezungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo huzaliwa katika waya ule, kisha amplifaya huukuza mpaka jirani agonge ukuta. Jambo hili nimelifundisha darasani miaka thelathini na mmoja. Nitabadilisha vinasa mwenyewe, na kila hatua nitaiandika humu, ili atakayelifungua gitaa hili baada yangu asipapase gizani.

Haraka ipo. Mwaka jana mdogo wangu alipatwa na kiharusi, mkono wa kushoto ukamtoroka kwa miezi saba. Sasa umerudi. Kazi yake ya kuchapa vitabu imekwenda na haitarudi. Kilichobaki ni kiti chake katika bendi, kiti alichokikalia miaka ishirini. Kiongozi wa bendi tunamwita Kondakta, kwa kuwa alikata tiketi kwenye treni ujana wake wote, na hata leo akiingia ukumbini huwatazama watu kama anayetafuta asiye na tiketi. Atamsikiliza mdogo wangu Jumamosi ya tarehe 18 Aprili. Asiporidhika, kiti atapewa kinyozi wa mtaa wa pili, ambaye watu wanasema anapiga vizuri.

3 Machi

Mvua imeanza. Paa linavuja palepale pa mwaka jana.

6 Machi, Ijumaa

Nimekwenda kwa fundi redio. Ana kopo kubwa la vipuri alivyovitoa kwenye magitaa yaliyokufa. Nimechagua viwili, vizito, waya wake haujakatika popote.

"Mwalimu," akaniambia, "hiki cha shingoni kimetoka kwenye gitaa la kampuni moja, hiki cha mkiani kampuni nyingine. Hawa hawajawahi kukutana."

"Umeme hauulizi ukoo, fundi."

"Haya. Mimi nimesema tu."

Nyumbani nimevipima ukinzani kwa mita mara tatu. Vyote viwili vizima. Nimeshindwa kukaa, nimezunguka meza mpaka wifi akaniambia nitachimba handaki.

9 Machi

Nimelifungua. Kwanza nyuzi hulegezwa zote kwa pamoja, kidogo kidogo, ili shingo isishtuke. Kisha skrubu za bamba la mbele, na kila skrubu hupangwa kwenye karatasi mahali pake. Kisha, kabla ya kugusa waya wowote, mtu huchora: waya huu unatoka hapa, unaishia pale. Nimechora kurasa mbili. Mdogo wangu alikuwa anapita nyuma yangu kila baada ya dakika tano kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Dada, utaweza kulirudisha?"

"Mtoto gani huyu! Kaa chini."

Ana miaka hamsini na sita.

10 Machi

Mvua. Umeme umekatika tangu asubuhi, hakuna kulehemu.

11 Machi

Vilevile.

13 Machi, Ijumaa

Imekwisha! Nyaya zote zimeshika, risasi ya kulehemia imetulia juu ya viungio ikang'aa kama tone la maji. Nikafunga nyuzi mpya na kujaribu kwa kanuni ya maabara: pima kitu kimoja kwa wakati mmoja. Swichi juu, kinasa cha shingoni peke yake: sauti nene, safi. Swichi chini, cha mkiani peke yake: sauti kali, safi. Nikampa mwenyewe.

Akaisukuma swichi katikati bila kuitazama, mahali ilipokaa miaka yote, ambapo vinasa vyote viwili hufanya kazi pamoja. Akapiga. Sauti ikatoka nyembamba, kama mtu anayesemea ndani ya bomba. Akapiga tena. Akautazama mkono wake wa kushoto.

"Dada, kabla hujalifungua lilikuwa na tumbo."

Nikamweleza. Vinasa vya zamani vilikuwa vinatia matope, na matope huficha. Hivi vipya vinasema kweli: kama kidole hakikandamizi uzi sawasawa, utasikia. Mkono wake bado haujarudisha nguvu zote, na sasa angalau tunajua ukweli, tunaweza kuufanyia kazi.

"Kwa hiyo ni mkono?"

"Ni mkono. Lakini mkono hufundishika."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mwanafunzi mzuri.

14 Machi

Nimempangia mazoezi. Asubuhi, kubana mpira mara mia. Mchana, kufungua na kufunga vibanio vya nguo kwa kila kidole, kuanzia kidole cha mwisho. Jioni, nyuzi.

17 Machi

Mpira, vibanio, nyuzi. Mvua.

18 Machi

Mpira, vibanio, nyuzi. Sauti ni ileile.

21 Machi, Jumamosi

Wifi hushona chumba kilekile tunachofanyia mazoezi, na cherehani yake ya umeme ikizunguka, gitaa nalo hunguruma. Nilikuwa namweleza kwamba mota yake inatupa sumaku hewani na vinasa vinaidaka, ndipo akanikatiza, sindano ikiwa mdomoni.

"Wifi, kwani kile kidude akikisukuma chini mbona sauti inanenepa?"

"Kile ni swichi. Kikiwa chini kinasikika kinasa kimoja, na kinasa kimoja kinasamehe zaidi. Viwili kwa pamoja vinadai mkono imara."

"Vinadai," akasema. "Kama wenye nyumba."

Nikacheka. Lilikuwa jibu zuri, nililitunga papo hapo, na nikaliamini.

25 Machi

Mpira, vibanio, nyuzi. Nimeshusha vinasa kidogo kwa bisibisi, nikavipandisha, nikavishusha tena. Hakuna tofauti.

29 Machi

Zamani akipiga alikuwa anaimba kwa pua. Leo nimegundua kwamba ameacha. Sijui aliacha lini.

2 Aprili

Ncha ya kidole cha shahada imepasuka. Nimemwambia apumzike. Amesema, "Nitapumzika tarehe kumi na tisa," akafunga kitambaa na kuendelea. Wifi amezima cherehani na kutoka.

Siku nzima sikutulia. Nimepanga vitabu, nimevipangua. Maji yanadondoka kwenye ndoo na kila tone naona linagonga mapigo yasiyo sahihi. Nilidhani mdogo wangu ni mvivu wa mazoezi. Nikiwa kijana nilimsema hivyo kila siku. Mtu anayefanya kazi hii yote bila kulalamika si mvivu. Basi kwa nini sauti haiji?

7 Aprili

Mpira, vibanio, nyuzi.

11 Aprili

Kondakta amepita kujikinga mvua, akamsikia kupitia mlangoni. Hakuingia. "Mwalimu," akaninong'oneza, "mbona kama mbu ndani ya chupa?" Nikamwambia bado tuna wiki.

18 Aprili, Jumamosi

Nitaandika yote, hata ninayotamani kuyaacha.

Ukumbi una paa la bati na mvua ilikuwa inalipiga bila huruma. Kinyozi alikuwa ameketi benchi la nyuma na gitaa lake ndani ya mfuko, viatu vimepigwa rangi. Alinisalimia kwa adabu, "Shikamoo Mwalimu," kisha akatazama chini kama mtu aliyeitwa kwenye msiba asioujua.

Mdogo wangu akachomeka waya. Vidole viwili vilikuwa na vitambaa. Ngoma ikaanza, besi ikaingia, naye akaingia palepale panapotakiwa, sekunde ileile. Mapigo yake hayakuyumba hata mara moja. Lakini sauti! Ilikuwa pembeni ya wimbo kama mtu anayegonga dirisha akiwa nje kwenye mvua. Nikaona anakandamiza nyuzi mpaka mshipa wa shingo umesimama. Kadiri alivyokandamiza, hakuna kilichoongezeka.

Kondakta akainua mkono. Wote wakanyamaza.

"Kaka, mapigo unayo. Hakuna mwenye mapigo kama yako. Lakini sikusikii." Kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu, au gitaa lina tatizo? Maana umelifungua juzijuzi."

Nafasi ilikuwa ile. Nami nikasema, mbele ya bendi nzima, kwa sauti ya darasani: "Gitaa halina tatizo. Nimelipima mwenyewe."

"Basi ni mkono," akasema Kondakta, kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko tusi. "Pumzika, kaka. Ukipona kabisa mlango uko wazi."

Mdogo wangu akachomoa waya, akauzungusha vizuri kwenye kiwiko, akaufunga. Akamwambia kinyozi, "Uzi wa tatu hulegea kukiwa na unyevu, uangalie," akatoka. Tulitembea mpaka nyumbani chini ya mwavuli mmoja. Mimi nilisema mengi.

19 Aprili

Mvua.

20 Aprili

Gitaa liko chini ya kitanda. Vibanio bado viko mezani. Hakuna anayevigusa.

22 Aprili

Mdogo wangu amekaa dirishani tangu asubuhi. Chai anaishika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ameuweka mfukoni, kama mtu aliyemficha ndugu anayemwonea aibu.

24 Aprili, Ijumaa

Wifi alilitoa gitaa chini ya kitanda kwa sababu maji yalikuwa yameanza kufika huko. Mumewe alikuwa ametoka kununua misumari ya paa. Akaliweka juu ya meza ya cherehani, akanitazama.

"Wifi, hebu chomeka."

"Kwa nini?"

"Chomeka, wewe mwanamke! Si unapenda majaribio?"

Nikachomeka. "Piga," akasema. Mimi si mpigaji, lakini nyuzi sita najua kuzikwangua. Akashika swichi mwenyewe, akaiweka juu. Nikapiga. "Nene." Akaishusha chini. Nikapiga. "Nene." Akaiweka katikati. Nikapiga, na ile sauti ya bomba ikatoka.

"Imekonda," akasema. "Sasa niambie, mkono uliopiga ni wa nani? Wa kwako. Nawe una kiharusi?"

Miaka thelathini na mmoja nimewaambia watoto wa watu kwamba maelezo mazuri si ushahidi. Nilikuwa na maelezo mazuri. Sikuwahi kufanya jaribio la dakika moja: kulipiga mimi mwenyewe, swichi ikiwa katikati.

Nikaenda kabatini nikatoa galvanometa ya shule, niliyopewa siku ya kustaafu. Ni kisanduku chenye mshale unaosimama katikati. Umeme ukipita upande mmoja mshale huenda kulia, ukipita upande wa pili huenda kushoto. Nikalifungua gitaa, nikaunganisha kinasa cha shingoni. Nikagusisha ncha ya bisibisi kwenye sumaku, nikaivuta ghafla. Mshale ukaruka kulia. Nikaunganisha cha mkiani. Bisibisi, vuta. Mshale ukaruka kushoto.

Nikarudia mara tano. Kulia. Kushoto.

Ngoja nieleze, maana humu ndani ndimo kosa lilimo. Viwanda viwili tofauti vilizungusha nyaya zao kwa mwelekeo tofauti. Kila kinasa peke yake ni kizima. Vikiwekwa pamoja, uzi ukitikisika, kimoja kinasukuma umeme wakati kingine kinauvuta, kama watu wawili kwenye mlango mmoja, huyu ndani na yule nje, wote wana nguvu na mlango haufunguki. Sauti nene ndizo zinazofanana zaidi katika vinasa vyote viwili, kwa hiyo ndizo zinazofutana. Hubaki mabaki membamba. Mita yangu ilipima ukinzani, na ukinzani hauna upande. Nilipima ukubwa mara tatu. Upande sikuupima hata mara moja. Fundi redio aliniambia kwamba hawa hawajawahi kukutana, nami nikamjibu kwa methali ya kujitungia.

Dawa yake ni hii: pishanisha nyaya mbili za kinasa kimoja, uliokuwa huku upeleke kule. Kimoja tu. Ilinichukua dakika kumi na mbili.

Mdogo wangu aliporudi, ameloa, na misumari kwenye karatasi, nikampa gitaa. Hakutaka kulishika. Wifi akamwambia, "Shika, baba. Mara moja tu." Akaisukuma swichi katikati bila kuitazama. Akapiga.

Glasi za kabatini zikatetemeka.

Aliiacha sauti ile mpaka ikaisha yenyewe. "Umefanya nini?"

Nikamwambia.

"Ilikuwa hivyo tangu lini?"

"Tangu siku niliyolifunga."

"Tarehe ngapi?"

"Kumi na tatu Machi."

Akahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, kimoja kimoja. "Wiki sita, Dada. Wiki sita nimekuwa nikiuchukia mkono wangu."

Nikaanza kusema kwamba viwanda viwili tofauti vilizungusha nyaya, na yeye akauinua mkono uleule, kiganja kikinitazama.

"Usinifundishe leo."

25 Aprili

Asubuhi vibanio vyote vilikuwa kwenye kamba ya nguo, vimebana nguo. Mdogo wangu hajanisemesha.

26 Aprili, Jumapili

Nikamwambia mdogo wangu kwamba naenda kwa Kondakta. Alikuwa juu ya ngazi anapigilia bati. Hakugeuka.

"Ukienda, hicho kisanduku chako chenye mshale kiache nyumbani. Sema maneno machache."

Nimemkuta Kondakta ukumbini, anasukuma maji kwa ufagio. Njia nzima nilikuwa nimepanga hotuba yenye utangulizi. Nikaitupa mlangoni.

"Kosa lilikuwa langu. Niliunganisha nyaya vibaya. Mkono wa mdogo wangu hauna neno."

Akasimamisha ufagio. "Mwalimu amekosea?"

"Mwalimu amekosea."

"Rudia, bati linapiga kelele, sikusikia."

Alikuwa amesikia vizuri sana. Nikarudia, kwa sauti, mpaka mpiga ngoma aliyekuwa anafunga ngozi zake akageuka. Kondakta akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Mwambie aje Alhamisi. Siahidi kitu. Kinyozi ameshajua nyimbo nne, na mtu hafukuzwi kama nzi."

27 Aprili

Nimemfikishia ujumbe. Amesema, "Nimesikia."

28 Aprili

Anapiga ndani ya chumba chao, mlango umefungwa. Nimekaa sebuleni, nimesimama, nimekaa. Vidole havijapona vyote.

30 Aprili, Alhamisi

Amelibeba gitaa mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Nikakaa benchi la nyuma, pembeni ya kinyozi.

Wimbo ulikuwa uleule wa siku ile. Ngoma, besi, kisha yeye. Katikati ya ubeti wa kwanza Kondakta akageuka kumtazama mpiga besi, akidhani kaongeza sauti. Mpiga besi akatikisa kichwa na kuelekeza kidevu kwa mdogo wangu. Kondakta hakuinua mkono. Aliuacha wimbo uende mpaka mwisho, na wa pili, na wa tatu. Katika wa tatu nilimsikia mdogo wangu anaimba kwa pua.

"Jumamosi uje na shati jeusi," Kondakta akamwambia. Kisha akamwambia kinyozi, "Nawe usiende mbali. Tutahitaji wa akiba."

"Afadhali, mzee," kinyozi akasema, akakung'uta vidole. "Jana nimemkata mteja sikio."

Njiani, chini ya mwavuli, mdogo wangu akaniuliza, "Dada, umesikia?"

Koo langu lilikuwa limejaa maelezo. "Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Umekosea mahali pawili."

Akasimama kwenye dimbwi, akacheka mpaka mwavuli ukatutoka. "Patatu," akasema.

1 Mei

Mvua imepungua. Yupo nje anakausha mfuko wa gitaa, na amenisalimia kabla sijamsalimia. Sijui kama amenisamehe. Sijamwuliza, na si kazi yangu kumharakisha.

Nawe unayesoma daftari hili kwa kuwa umebadilisha vinasa na sauti haikuridhishi, weka chini kila kipimo ulicho nacho. Leo hii mpe mwenye gitaa alipige kama anavyolipiga siku zote, ukae, usiseme neno mpaka wimbo uishe.